Maswali ya maadili katika mtihani wa sayansi: Namna ya kuyajibu bila kuhubiri

MWANAFUNZI anayeishi mtaa wa Fedha, Embakasi, hahitaji kusafiri mbali ili akutane na maswali magumu ya sayansi. Ndege zinazotumia uwanja wa Jomo Kenyatta humpitia angani. Barabara ya Outering imejaa moshi wa matatu na malori. Mto Ngong, unaopitia Eneo la Viwanda na mitaa ya mabanda ya Mukuru kabla ya kuingia Embakasi, hubeba uchafu ambao mwalimu wa kemia hana haja ya kuuchorea mchoro ubaoni. Upande wa kaskazini, mwendo wa kilomita chache, lipo jaa la taka la Dandora.

Hata hivyo, mwanafunzi huyo huyo anapoketi katika chumba cha mtihani na kuulizwa, “Je, ni haki jaa la taka kuendelea kutumika karibu na makazi ya watu? Jadili,” aghalabu kalamu humlemea. Kuna watahiniwa wanaoandika mahubiri. Wengine hurundika maelezo ya sayansi na kusahau kwamba wameulizwa kuhusu haki. Wengine nao huandika sentensi moja tu, “Si haki kwa sababu ni vibaya,” kisha wakahamia swali linalofuata.

Wote hao hupoteza alama. Isitoshe, hupoteza kitu chenye thamani kuliko alama, nacho ni nafasi ya kuyafikiria kwa makini mambo yanayoyagusa maisha yao wenyewe. Makala haya yanaeleza maswali ya aina hii ni yapi, hutokea wapi, na mtahiniwa ayajibu vipi. Mifano mingi imetolewa papa hapa Eastlands.

SWALI LA MAADILI NI LIPI?

Sayansi hueleza jinsi mambo yalivyo. Maadili huuliza jinsi mambo yanavyostahili kuwa. “Madini ya risasi huathiri vipi ubongo wa mtoto?” ni swali la sayansi, na hujibiwa kwa vipimo na majaribio. “Ni nani anayepaswa kubeba gharama ya kumlinda mtoto huyo?” ni swali la maadili. Vipimo vitamsaidia anayejibu, lakini peke yavyo havitoshi.

Kuna pia swali la tatu ambalo watahiniwa wengi hulichanganya na la pili: sheria inasemaje? Kifungu cha 42 cha Katiba ya 2010, kwa mfano, kinampa kila mtu haki ya kuishi katika mazingira safi na yenye afya. Hoja hiyo ni nzito na yafaa kutajwa. Lakini sheria na maadili si kitu kimoja. Jambo laweza kuruhusiwa na sheria na bado likawa dhuluma, na sheria yenyewe hubadilishwa watu wanapotambua kwamba haikuwa ya haki.

Mtahiniwa anayeweza kutenganisha mambo haya matatu, yaani ukweli wa kisayansi, msimamo wa sheria na uamuzi wa haki, amekwisha kupiga hatua kubwa kabla hata ya kuandika neno.

MASWALI HAYA HUTOKEA WAPI?

Katika mtaala wa 8-4-4, maswali haya hayakutengewa karatasi yao. Yamejificha ndani ya mada za kawaida za Biolojia, Kemia na Fizikia: uchafuzi wa mazingira, jenetiki na matumizi yake, Ukimwi, dawa za kuua wadudu, uhifadhi wa wanyamapori. Katika Biolojia ya KCSE, karatasi ya pili ina sehemu ya insha ambapo jibu moja hubeba alama 20. Mtahiniwa anayejua kupanga hoja hunufaika zaidi katika sehemu kama hiyo kuliko yule aliyekariri orodha.

Mtaala huo wa 8-4-4 unafikia ukingoni. KCPE ya mwisho ilifanywa 2023, na kwa hesabu hiyo watahiniwa wa mwisho wa 8-4-4 ni wale wa KCSE ya 2027. Mtaala wa umilisi uliochukua nafasi yake unataja waziwazi maadili ambayo mwanafunzi anapaswa kukuza katika kila somo, sayansi ikiwemo. Nayo ni upendo, uwajibikaji, heshima, umoja, amani, uzalendo, haki ya kijamii na uadilifu. Wanafunzi wa kwanza wa Gredi ya 9 chini ya mtaala huo walifanya mtihani wao wa kitaifa, KJSEA, mwaka wa 2025.

Hali si tofauti ng’ambo. Nchini Uingereza, mabadiliko ya mtaala wa sayansi wa 2006 yaliagiza wanafunzi wa sekondari wafundishwe kufikiria masuala ya kijamii, kiuchumi na kimaadili yanayotokana na matumizi ya sayansi. Kwa hivyo, mzazi anayedhani kwamba maswali haya ni porojo za kupoteza wakati wa somo hana budi kufikiri upya.

HATUA TANO ZA KUJIBU

Hatua ya kwanza ni kusoma kitenzi cha swali na idadi ya alama. “Taja” hudai orodha fupi. “Eleza” hudai sababu. “Jadili” hudai pande zote mbili. “Tathmini” hudai pande mbili pamoja na uamuzi. Swali la alama mbili halihitaji ukurasa mzima, na swali la alama nane haliridhiki na sentensi mbili.

Hatua ya pili ni kueleza sayansi yenyewe kwa ufupi na kwa usahihi. Huu ni mtihani wa sayansi. Mtahini hawezi kukupa alama kwa huruma pekee. Kabla ya kusema kitu kina madhara, sema ni kemikali gani, huingia mwilini kwa njia ipi na hufanya nini humo.

Hatua ya tatu ni kuwataja wote wanaoguswa na jambo hilo. Hapa ndipo watahiniwa wengi hujikwaa, kwa kuwa hutaja “jamii” wakadhani wamemaliza. Jamii ni watu mbalimbali: watoto, wafanyakazi, wenye viwanda, serikali, wanyama, hata vizazi ambavyo havijazaliwa. Manufaa ya mmoja huenda yakawa hasara ya mwingine.

Hatua ya nne ni kupima pande mbili kwa kutumia kanuni inayojulikana. Kanuni nne zinatosha kwa mwanafunzi wa sekondari. Kuna ya manufaa na madhara: je, faida inazidi hasara? Kuna ya idhini: je, anayehusika alielezwa akaelewa, kisha akakubali kwa hiari? Kuna ya usawa: je, anayepata faida ndiye pia anayebeba mzigo? Mwisho ipo ya tahadhari: ikiwa madhara hayajajulikana vyema lakini huenda yakawa makubwa, je, tumejikinga?

Hatua ya tano ni kutoa uamuzi na sababu yake. Mtahini hatafuti kujua kama mnakubaliana. Anatafuta kuona kama uamuzi wako umetokana na hoja ulizotangulia kuziandika. Mara nyingi uamuzi bora huwa na sharti: “Ndiyo, mradi...” au “La, mpaka...”

Kumbuka pia kwamba mitihani hii ya sayansi huandikwa kwa Kiingereza. Hilo lisikutishe. Hatua hizi tano ni za kufikiri, na mtu huweza kuzifanyia mazoezi kwa Kiswahili nyumbani na kuziandika kwa Kiingereza darasani.

MFANO WA KWANZA: JAA LA DANDORA

Turejee swali la hapo mwanzo. Mtahiniwa anaweza kujua nini kuhusu Dandora?

Mwaka wa 2007, Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, UNEP, ambalo makao yake makuu yapo Gigiri hapa Nairobi, lilitoa ripoti ya uchunguzi uliofanywa kuhusu jaa hilo. Watoto na vijana 328 walipimwa. Takriban nusu yao walipatikana na madini ya risasi katika damu kwa kiwango kilichofikia au kupita kile kilichokubaliwa kimataifa wakati huo, yaani mikrogramu 10 kwa kila desilita ya damu. Sampuli za udongo zilizochukuliwa eneo hilo pia zilionyesha risasi nyingi kupita kawaida.

Sayansi ya jambo hili inaeleweka. Risasi huingia mwilini kupitia vumbi, moshi, chakula na maji. Mwili wa mtoto huifyonza kwa wepi kuliko wa mtu mzima, nayo hudhuru ubongo unaokua, hupunguza uwezo wa kujifunza na huweza kuleta upungufu wa damu. Tangu ripoti ile itolewe, wataalamu wamezidi kukishusha kiwango kinachotakiwa kuwashtua madaktari. Nchini Marekani, kiwango hicho kilishushwa hadi mikrogramu 5 mwaka wa 2012 na hadi 3.5 mwaka wa 2021. Shirika la Afya Duniani linasema hakuna kiwango cha risasi kinachojulikana kuwa salama.

Sasa tazama majibu mawili. Hayo tumeyatunga wenyewe kwa ajili ya mafunzo.

Jibu dhaifu: “Si haki kwa sababu taka zinanuka na zinaleta magonjwa. Serikali inafaa kuogopa Mungu na kuondoa taka hizo mara moja.”

Jibu bora: “Taka zenye betri na vifaa vya umeme hutoa madini ya risasi, ambayo huingia katika udongo na hewa na kudhuru ubongo wa watoto. Wanaoathirika zaidi ni watoto wa mitaa jirani, ambao si wao waliozalisha sehemu kubwa ya taka hizo; zimetoka kila pembe ya jiji. Kwa upande mwingine, jiji haliwezi kukaa bila mahali pa kutupa taka, na maelfu ya watu hupata riziki kwa kuokota na kuuza plastiki na vyuma. Kufunga jaa ghafla kungewanyima watu hao kipato na kungehamishia taka mitoni. Hata hivyo, si haki mtaa mmoja ubebe madhara ya jiji zima. Naona jaa lisiendelee kutumika jinsi lilivyo: taka hatari zitenganishwe kwanza, watoto wapimwe na kutibiwa, na waokota taka wapewe kazi katika mfumo mpya kabla jaa halijafungwa.”

Jibu la kwanza halina kosa la moyo. Aliyeliandika anawahurumia watu wa Dandora. Lakini halina kemikali, halina upande wa pili, na agizo lake halielezi taka zitapelekwa wapi. Jibu la pili lina hatua zote tano. Anayetokea Fedha atatambua jambo jingine ndani yake: taka za nyumbani kwake ni sehemu ya swali. Yeye si mtazamaji tu.

MFANO WA PILI: WANAWAKE WA MAJENGO

Maswali kuhusu utafiti unaofanyiwa binadamu ni ya kawaida katika somo la Biolojia. Vitabu vingi hutoa mfano wa Tuskegee, Marekani, ambako kati ya 1932 na 1972 wanaume weusi waliougua kaswende waliachwa bila matibabu, hata baada ya penisilini kupatikana, ili watafiti watazame ugonjwa ukiendelea. Hutajwa pia Kanuni za Nuremberg za 1947, zilizoweka idhini ya hiari kuwa sharti la kwanza la utafiti, na Azimio la Helsinki la 1964, linalowaongoza madaktari watafiti.

Lakini upo mfano wa karibu zaidi. Tangu miaka ya themanini, watafiti wa Chuo Kikuu cha Nairobi wakishirikiana na wenzao wa Chuo Kikuu cha Manitoba, Canada, walikuwa wakifuatilia afya ya wanawake waliofanya biashara ya ngono mtaani Majengo, Pumwani. Waligundua jambo lililoushangaza ulimwengu: baadhi ya wanawake hao hawakuambukizwa virusi vya Ukimwi licha ya kukumbana navyo mara nyingi. Ugunduzi huo ulichangia utafiti wa chanjo ambao Nairobi ilishirikiana na Chuo Kikuu cha Oxford, na majaribio yake kwa binadamu nchini Kenya yakaanza 2001. Chanjo hiyo haikufua dafu.

Maswali ya maadili yamejaa hapa. Je, mwanamke maskini anayepewa matibabu kwa kushiriki katika utafiti ana hiari kamili ya kukataa? Je, anayetoa damu ana haki gani juu ya maarifa yanayotokana nayo? Hata wanasayansi wenyewe walizozana. Mnamo 2000 ulizuka mvutano kuhusu hataza ya chanjo hiyo baada ya watafiti wa Kenya kulalamika kwamba wameachwa nje, mpaka makubaliano ya kushirikiana katika umiliki yakafikiwa.

Mtahiniwa anayejibu swali la aina hii asiseme tu kwamba “utafiti ni mzuri” au “wazungu walituibia”. Apime. Upande mmoja, wanawake walipata huduma za afya na dunia ikapata maarifa kuhusu ugonjwa ulioua mamilioni. Upande wa pili, wao ndio waliotoa miili yao, na ni haki kuuliza walirudishiwa nini. Kanuni za idhini na usawa ndizo zinazofaa zaidi hapa.

MFANO WA TATU: MAHINDI YA GMO

Hakuna mada inayowatia watahiniwa katika mtego wa mahubiri kama vyakula vya GMO. Hapa pana funzo muhimu kuhusu ushahidi.

Septemba 2012, kundi la watafiti wa Ufaransa likiongozwa na Gilles-Éric Séralini lilichapisha utafiti uliodai kwamba panya waliolishwa mahindi ya GMO walipata uvimbe mkubwa. Novemba mwaka huo huo, Baraza la Mawaziri la Kenya lilipiga marufuku uingizaji wa vyakula hivyo. Wanasayansi wengi waliukosoa utafiti huo, hasa kwa sababu panya waliotumika walikuwa wachache na ni wa aina inayopata uvimbe kwa urahisi. Novemba 2013, jarida lililouchapisha liliuondoa. Marufuku ya Kenya ilibaki karibu miaka kumi, hadi Oktoba 2022 ilipoondolewa wakati wa ukame mkali. Kesi zilifuata, na Machi 2025 Mahakama ya Rufaa ilisimamisha uingizaji huo kwa muda huku rufaa ikisubiriwa.

Mtahiniwa ajifunze nini? Kwanza, asitumie ushahidi uliokwisha kuondolewa kana kwamba bado umesimama. Pili, asidhani kwamba kuanguka kwa utafiti huo kumemaliza mjadala wote. Bado yapo maswali ambayo panya hawawezi kuyajibu: Mkulima mdogo atanunua mbegu kutoka kwa nani, na kwa bei gani? Mnunuzi ataelezwa anachokula? Ni haki kumnyima mwenye njaa chakula kwa sababu ya hofu? Maswali ya usalama ni ya sayansi. Haya mengine ni ya haki.

MAKOSA YA KUEPUKA

Kosa la kwanza ni kuitumia dini kama kifunga mjadala. Imani ni sehemu ya maisha ya Wakenya wengi, na si kosa kuitaja. Kosa ni kuandika “Mungu hapendi” ukaishia hapo. Andika badala yake kwamba baadhi ya waumini hupinga jambo fulani kwa kuwa wanaamini uhai ni mtakatifu tangu mimba inapotungwa, kisha ueleze namna imani hiyo inavyoathiri uamuzi. Hapo umeigeuza imani kuwa hoja inayoweza kupimwa.

Kosa la pili ni kumwandikia mtahini anachodhaniwa kupenda. Mtahiniwa anayeisifu serikali au kuitukana bila sababu hupoteza nafasi yake vivyo hivyo.

Kosa la tatu ni kukaa katikati hadi mwisho. Kusema “kuna faida na hasara” bila kuamua si busara. Kama swali limedai uamuzi, amua.

Kosa la nne ni maneno makubwa yasiyo na kipimo: “madhara mengi sana”, “watu wote”, “hatari kubwa mno”. Sayansi hupenda kiasi. Kama unajua tarakimu, iandike. Kama huijui, eleza jambo bila kuibuni.

UADILIFU HUANZIA KARATASI YA TATU

Kosa hilo la kubuni linatuleta kwenye swali la maadili ambalo kila mtahiniwa wa sayansi hulijibu, hata pale karatasi isipoliuliza.

Katika mtihani wa vitendo, mwanafunzi hupewa mizani, kipimajoto, chupa za kemikali na jedwali tupu. Wakati mwingine vipimo vyake havilingani na alivyotarajia. Kishawishi huwa ni kuandika alichofundishwa kwamba kinapaswa kuonekana, au kuchungulia jedwali la jirani. Taifa hili linajua kishawishi hicho kinaweza kufika wapi: baada ya udanganyifu uliokithiri katika KCSE ya 2015, bodi ya Baraza la Kitaifa la Mitihani, KNEC, ilivunjwa Machi 2016.

Wale watoto 328 wa Dandora walitoa damu yao kwa matumaini kwamba aliyeshika kipimo angeandika alichokiona. Ripoti ile ilikuwa na uzito kwa sababu nambari zake zilitoka katika damu halisi na udongo halisi. Mpimaji angeandika alichotarajia, watoto hao wangebaki na risasi mwilini na karatasi ya uongo mkononi.

Kwa hivyo, mtahiniwa anayeona kipimajoto chake kinasema 27 huku jirani ameandika 30, aandike 27. Kisha aeleze, kwa sentensi moja, kilichoweza kusababisha tofauti hiyo.